Abiria Aliyepelekewa Samaki

Kitu cha kwanza kilichonishtua katika kazi ya ndege, wajukuu zangu, hakikuwa kuruka. Kilikuwa kitambaa. Nilikabidhiwa sinia la vitambaa vya pamba vilivyoviringishwa, vinafuka mvuke kama viazi vilivyotoka chunguni, na koleo la kuvishikia, nikaambiwa nikawagawie abiria wa daraja la kwanza. Nikadhani ni chakula. Nikauliza mchuzi wake uko wapi. Mkuu wangu alinitazama, akachukua kimoja, akajipangusa uso, akakitupa kikapuni. Basi, ndiyo kazi yake. Watu wazima wenye afya zao walikuwa wanapewa kitambaa cha moto cha kufutia uso kabla ya kula, huko juu ya mawingu, na kikishatumika mara moja kinaondolewa. Kwetu Mlalo siku hizo mche wa sabuni ulikuwa unakatwa kwa uzi ili utoshe nyumba mbili.

Nyie mnaosomea mambo ya hoteli hapo Lushoto mjini mkipanda huku kwangu mnaniuliza miji niliyoiona. Miji mingi nimeisahau. Ninachokumbuka ni watu, na jinsi nilivyokuwa nashtuka. Mwaka wa kwanza sidhani kama kuna siku nilimaliza zamu bila kushtuka.

Nilianzia kazi kwenye hoteli moja ya zamani juu ya mji wa Lushoto, ambako Wazungu walikuwa wanapanda kutoka Tanga kukimbia joto. Uhuru ulinikuta shuleni, Ujamaa ukanikuta nimebeba bakuli la supu. Mashirika ya kigeni yalipoanza kutua Dar es Salaam, yaliambiwa yachukue na vijana wa nchi. Nikateremka Mombo kwa basi, nikafika Dar, nikahojiwa kwa Kiingereza, nikapita. Hakuna aliyenieleza kwamba shirika lenyewe, ambalo jina lake naliacha, lilikuwa linafanya kazi zake zote kwa Kifaransa. Nililigundua hilo nikiwa nimeshavaa sare.

Huku nyumbani nako walishtuka kwa upande wao. Balozi wa nyumba kumi alimuuliza baba mbele ya mkutano, "Mzee, ni kweli binti yako Naomi anawapelekea mabeberu chakula kitandani?" Baba alikuwa mzee wa kanisa, si mtu wa mizaha. Akajibu, "Si kitandani. Ni kitini. Ila kiti chenyewe kinalala." Mama aliniambia mkutano ulivurugika hapo hapo, kila mtu akitaka kuelezwa kiti kinalalaje.

Kifaransa nilifundishwa kidogo sana, kingine nikakiokota njiani. Safari moja bwana mmoja mwenye tai ya buluu alininyooshea mkono, akajitambulisha kwa neno "avoka". Nilifurahi mno, maana hilo neno nilikuwa nalijua. Ni parachichi. Nikaenda jikoni, nikalichagua lililoiva vizuri, na hiyo ni kazi ambayo mtoto wa Usambara hahitaji kufundishwa, nikalikata, nikatia chumvi na ndimu, nikampelekea. Aliitazama sahani, akanitazama mimi. Kumbe kwa Kifaransa neno hilo hilo ni mwanasheria. Yule mtu alikuwa ananiambia kazi yake. Bahati nzuri alilila lote.

Aliyenitoa kwenye aibu za namna hiyo ni mkuu wetu wa kabini ya daraja la kwanza, Bwana Anselm. Mtu mfupi, mwenye kipara, ameruka tangu enzi za ndege za mapangaboi. Alikuwa anaongea nami polepole, maneno machache machache, kama mtu anayepanda mbegu. Alinifundisha kubeba sinia usawa wa kifua, si usawa wa tumbo, ili ndege ikitikisika viwiko vishike mbavu. Alinifundisha kupiga magoti kidogo unapoongea na abiria aliyekaa, asilazimike kuinua shingo. Na akanifundisha lililoniokoa kuliko yote. "Naomi, mtu ambaye huijui lugha yake usitazame mdomo. Tazama mikono. Mwenye kiu mikono yake haikai sawa na ya mwenye hofu." Hilo lichukueni, hata kama mtafanya kazi mapokezi hapo Soni.

Sasa niwaeleze habari ya wale wazee wawili.

Njia yetu ilianzia Ulaya, ikashuka kwenye uwanja mmoja wa jangwani kujaza mafuta. Kutoka hapo zamu nyingine zilikuja Dar, nyingine zilinyoosha moja kwa moja mpaka Madagaska, ambayo Kiswahili cha zamani kinaiita Bukini. Siku ile tulikuwa wa Bukini. Tuliondoka asubuhi, theluji imelala uwanjani, na enzi hizo ndege ilikuwa inapandwa kwa ngazi. Kwenye theluji ile nikamwona bibi mmoja mdogo wa umbo, amejitanda shuka jeupe la hariri juu ya koti, anatembea nyuma ya kiti cha magurudumu. Aliyekuwa kitini ni mumewe, mzee mwenye kofia ya pama na miwani ya jua, shingo imezungushiwa skafu, blanketi mpaka kifuani. Mtoto wao wa kiume, mtu mzima anayefanya kazi huko Ulaya, aliwasindikiza mpaka chini ya ngazi, akasimama hapo amekumbatia kofia yake.

Anselm alishuka mwenyewe. Akambeba mzee mikononi, akapanda naye ngazi zote, akamkalisha kiti cha dirishani, akamfunga mkanda. Nikamsalimu mzee. Hakujibu. Sikushangaa, kwa kuwa wengi wa daraja la kwanza walikuwa hawajibu.

Bibi nilimjaribu kwa Kifaransa, akatikisa kichwa. Kiingereza, akatikisa. Kiswahili, akatabasamu, nadhani kwa kunihurumia. Alikuwa anajua Kimalagasi tu, na hapo mbele hapakuwa na mwingine anayekijua. Lakini kwa mumewe hakunyamaza. Tangu tunapaa alikuwa anamwongelesha, kwa sauti ya chini, ya kawaida kabisa, kama watu wawili wanaotoka sokoni. Mara anaonyesha dirishani, mara anamrekebishia skafu. Nilipoleta vitambaa vya moto alichukua viwili, akampangusa yeye kwanza.

Nikaleta supu. Bibi akawa anachota kijiko, anakigusisha kwenye midomo ya mzee, anakirudisha. Nikajisemea mgonjwa hana hamu. Nikainama kuokota kitambaa cha meza kilichoanguka miguuni mwake, na mkono wangu ukagusa wake.

Mnajua mpini wa jembe uliolala nje mwezi wa saba, unapoushika asubuhi kwenda shamba? Ndivyo ulivyokuwa. Baridi, na mgumu.

Nilibaki nimeinama pale chini, nautazama ule mkono, mpaka nikasikia vidole vimenishika kifundo cha mkono. Ni bibi. Alikuwa ameacha kuongea. Aliweka kidole midomoni. Kisha akaonyesha chini, sakafuni, akatikisa kichwa taratibu. Kisha akanyoosha mkono mbele, kule ndege inakoelekea, akaurudisha mkono na kuulaza kifuani kwake.

Huo ndio mkono alionifundisha Anselm kuutazama, na nilimwelewa kuliko nilivyowahi kumwelewa Mfaransa yeyote. Sheria tulikuwa tumefundishwa: abiria akifariki, rubani anaambiwa, na kwenye uwanja unaofuata maiti inateremshwa pamoja na ndugu aliyesafiri nayo. Uwanja uliofuata ulikuwa ule wa jangwani. Bibi yule angeachwa pale kwenye mchanga na maiti ya mumewe, hana lugha, hana mtu, na pengine mzee angezikwa huko huko.

Mjomba wangu aliteremka bondeni kukata mkonge, akaugua, akafia kambini, akazikwa pale pale kabla habari haijafika Mlalo. Bibi yangu mzaa mama hakuwahi kulizoea jambo hilo. Kwetu mtu anarudishwa kaya, nyumbani, hata kama ni kwa kupokezana mabegani kutoka Mombo. Kila mvua za masika zilipoanza bibi alikuwa anauliza, hamuulizi mtu, "Na huko aliko, nani anamfyekea?" Swali hilo lilinijia nikiwa nimeshika bakuli la supu ya maiti.

Nikaenda jikoni. Anselm alikuwa anakata mkate. Neno la Kifaransa la kufa nilikuwa nalijua siku zote, lakini dakika ile lilinikimbia. Lililokuja ni jingine.

"Bwana wa dirishani amemaliza," nikasema.

"Supu? Vizuri. Mpelekee samaki."

"Hapana. Si supu. Amemaliza yeye. Yeye mwenyewe."

Anselm aliweka kisu chini. Akakifuta. Akakiweka tena chini.

"Bwana amelala," akasema.

"Nimemgusa mkono."

"Naomi. Anayesema mtu amekufa ni daktari. Humu ndani tuna daktari?"

"Hatuna."

"Basi humu ndani hakuna aliyekufa. Bwana amelala, na bibi amekuomba tusimwamshe. Sikosei?"

"Hukosei."

"Mpelekee samaki."

Nilipomsimulia mama yangu habari hii, hapa ndipo aliponikatiza. Hakuuliza kama niliogopa. Aliuliza, "Ukampelekea kweli?" Nilimpelekea, mama. Nilibana viwiko mbavuni kama nilivyofundishwa. Nikapiga magoti kidogo. Nikamwekea samaki mbele yake, na kipande cha limau, na uma upande wa kushoto. Nikasema, "Karibu, Bwana," maana ndivyo tunavyosema kwa kila mmoja. Bibi alinitazama, akaendelea kumwongelesha mumewe pale alipokuwa ameachia.

Upande wa pili wa njia alikaa mfanyabiashara mnene aliyekuwa anakereka na yale maongezi. Aliniita. "Huyu mama atanyamaza lini? Mumewe mwenyewe hamjibu." Nikamwambia kwa Kifaransa changu kwamba bwana ni mchovu. Akatazama upande ule kwa muda. Kisha akasema, "Naona hajala jibini yake. Kama haitaki, niletee mimi." Nilikwenda kumwuliza Anselm kwa macho. Akainua mabega. Nikaichukua jibini ya marehemu nikampa yule mtu, akaila yote, na akaomba divai ya kuisindikizia. Wanangu, nimeona mengi, lakini nikifumba macho bado naiona ile taya inavyotafuna.

Mchana tukatua jangwani. Abiria walishuka kunyoosha miguu kivulini. Anselm aliandika kwamba mzee ni dhaifu, abaki ndani na mkewe. Lakini kulikuwa na jambo ambalo hatukuweza kulikwepa. Kwenye uwanja ule afisa wa afya alikuwa anapanda kila ndege, anapuliza dawa ya wadudu, na anawagusa paji la uso waliobaki ndani kutafuta homa. Ikijulikana, Anselm angefukuzwa kazi na mimi ningerudi Mlalo na sare mkononi. Na yule bibi angeshushwa, jambo ambalo kufikia hapo lilikuwa linaniuma kuliko sare.

Anselm alinipa sinia na koleo. "Bwana hajapanguswa uso baada ya chakula," akasema.

Nikachagua kitambaa cha moto kuliko vyote. Nikamvua mzee kofia na miwani. Sikumtazama. Nikamtandikia kitambaa usoni, kutoka kwenye paji mpaka kidevuni, kama walivyopenda kufanya abiria wengine wakipumzika. Bibi akaelewa, akavuta blanketi juu.

Afisa akaingia. Mtu mrefu, kopo la dawa mkononi, sare yake imepauka jua. Akaongea Kiarabu, bibi akamjibu Kimalagasi, mimi nikasimama katikati na Kifaransa changu kibovu, na hakuna hata mmoja kati yetu watatu aliyemwelewa mwenzake. Akaonyesha kitambaa kwamba kiondolewe. Nikakosa la kufanya, nikatoa salamu ya majirani zetu wa Mlalo, kwa kuwa nusu ya watu tuliokua nao ni Waislamu. "Asalamu aleikumu," nikasema. Alishtuka, akaitikia kirefu, akaniuliza kitu. Nikalaza shavu kwenye viganja viwili, kwamba mzee amelala.

Hakugusa kitambaa. Aliinama, akaingiza mkono chini ya blanketi, akashika kifundo cha mkono cha mzee kwa vidole viwili. Akakishika kwa muda mrefu. Bibi aliacha kuongea, nikawa nasikia mafuta yanavyoingia kwenye bawa. Kisha afisa akaurudisha ule mkono mahali pake, polepole, akalivuta blanketi akalisawazisha.

Akasema kwa sauti ndogo, "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun."

Kiarabu sikijui, lakini maneno hayo nilikuwa nimeyasikia tangu utoto. Ndiyo majirani zetu wanayoyasema habari ya msiba inapofika uani. Nikatazama chini, nikingoja awaite askari. Alikwenda mbele kidogo akapuliza dawa hewani, akamsainia Anselm karatasi zake, akashuka ngazi bila kugeuka.

Hata leo sijui jina lake. Nilirudi uwanja ule mara nyingi, nikawa namtafuta kwa macho, sikumwona tena.

Sehemu ya pili ya safari nilikaa na bibi kila nilipopata nafasi. Sikuwa na la kumwambia wala yeye hakuhitaji. Kwetu msibani watu wanakaa tu. Nilikaa kwenye mkono wa kiti kilichokuwa wazi, nikaondoka nilipoitwa, nikarudi. Yeye aliendelea na maongezi yake, akionyesha dirishani ambako hapakuwa na kitu ila bahari.

Tulifika Bukini jua linakaribia kuzama. Abiria wote wakateremka, wa mwisho akiwa yule mfanyabiashara, aliyemuaga mzee kwa kumpungia mkono. Halafu nikatazama nje.

Chini ya ngazi kulikuwa na watu wengi, wazee kwa vijana, wamejipanga kimya. Wawili mbele walikuwa wamebeba machela. Na mama mmoja alikuwa ameshika mikononi, limekunjwa vizuri, shuka zito jipya la hariri. Sikuhitaji kuambiwa ni nini. Sanda unaijua hata kama hujawahi kuiona ya kabila lile.

Nikajiuliza wamejuaje. Hatukumwambia rubani. Rubani hakumwambia mtu. Miongoni mwao alikuwapo binti wa makamo yangu, mjukuu wa wale wazee, mwalimu wa Kifaransa. Nikamshika mkono pembeni.

"Pole," nikamwambia. "Lakini nani aliwapa habari?"

"Baba alitupigia simu kutoka Ulaya."

"Saa ngapi?"

"Alfajiri. Babu alifariki hospitali usiku, akiwa ameshakata tikiti ya kurudi. Bibi alikataa wamwache."

Nilimsalimu. Nilimwekea samaki. Nilimwambia karibu. Binti alidhani sijamwelewa, akarudia maneno yale yale polepole zaidi, na nilikuwa nimemwelewa tangu mara ya kwanza.

Nikamwuliza bibi alikuwa anamwambia nini mumewe njia nzima. Akaenda kumwuliza. Bibi alikuwa amesimama karibu na machela, hajalia bado. Akajibu kwa maneno machache, akanitazama.

"Anasema alikuwa anamwonyesha njia," binti akanieleza. "Hapa tumepita kisima, hapa ni kwa fulani, hapa ni mlima wetu. Njia ya angani haijui, kwa hiyo alimtajia njia anayoijua yeye, ya kutoka sokoni mpaka nyumbani. Ameirudia tena na tena mpaka mmetua."

Kisha bibi alimgusa yule mama mwenye sanda begani, na hapo ndipo alipolia. Alilia kama mtu aliyetua mzigo, na watu wote wakalia naye.

Tuliporudi kwenye basi dogo la wahudumu nilikaa karibu na Anselm. Alikuwa amevua viatu, anasugua nyayo. Nikamweleza yote: simu ya alfajiri, hospitali, tikiti. Nilitegemea ashtuke kama nilivyoshtuka mimi.

"Najua," akasema. "Nilimbeba ngazi zote zile. Mtu aliye hai, hata mgonjwa, ukimwinua anajishika kidogo. Yeye hakujishika."

"Ulijua tangu theluji? Na hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungemhudumia kama maiti. Ulimhudumia kama abiria."